Uzioni, jukwaani au ghorofani: usimame wapi kupiga picha mbio za magari za katikati ya mji?

Barabara ambayo wiki iliyopita ilikuwa ya mabasi na watu wanaowahi kazini, leo imefungwa kwa kuta za zege, na gari linapita hapo kwa kilomita 250 kwa saa huku tairi likiwa kiganja kimoja kutoka ukutani. Nyuma yake kuna madirisha, miti, mabango ya maduka, na mtu ghorofani ameegemea ukingo wa roshani. Hicho ndicho kinachozitenga mbio za mitaani (nazungumzia zile rasmi, zilizofungiwa barabara) na mbio za kwenye viwanja vilivyojengwa kwa kazi hiyo. Picha ya gari peke yake juu ya lami ya kijivu utaipata popote. Ya gari likiwa ndani ya mji wa watu utaipata hapa tu.

Tabu ni kwamba kwa mtu mwenye tiketi ya kawaida, hizi ndizo mbio ngumu kuzipiga picha. Barabara za mji ni nyembamba. Njia ya mbio ya Guia huko Macau, China, ina sehemu zenye upana wa mita 7 hivi. Baku nayo, mji mkuu wa Azerbaijan, pale barabara inapopanda kando ya kuta za mji mkongwe, upana unabaki mita 7.6. Penye nafasi finyu hivyo hakuna eneo la changarawe la gari kupotelea, wala kilima cha majani cha watazamaji kukalia. Kuna ukuta, uzio wa nyaya juu yake, na umati.

Watu wakiniuliza ushauri, swali la kwanza karibu kila mara ni lenzi gani wanunue. Mimi huwauliza kwanza watasimama wapi, maana lenzi, shata (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga) na hata aina ya picha utakayorudi nayo vinaamuliwa na mahali. Na mahali pa mtu asiye na kitambulisho cha wanahabari ni pa aina tatu: chini kando ya uzio, kwenye kiti cha jukwaani, au juu kwenye roshani, paa, daraja au kilima. Nimepiga picha kutoka kote kutatu, na kila pahali pamenipa kitu ambacho pengine pasingenipa.

Vigezo ninavyovitumia kuvilinganisha ni vitano. Kwanza uzio: je, unauona kwenye picha au unatoweka? Pili, mji unaingia kiasi gani kwenye fremu? Tatu, gari linapita mbele yako kwa kasi gani, na mkono wako unaweza kulifuata? Nne, mwanga, mchana na usiku. Tano, uhuru wa kusogea na nafasi ya vifaa. Nitakaa sana kwenye uzio, kwa sababu ndiko wengi wanakopotezea siku nzima.

Uzio

Uzio ukijumlishwa na ukuta wake hukaribia mara mbili ya kimo cha mtu, na huzunguka karibu njia yote. Kuna jambo moja ukilielewa, mengine yatakuja yenyewe: waya uko karibu na nani, na wewe au na gari?

Chukua lenzi ya milimita 200 iliyofunguliwa hadi f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, uwazi wa kupitishia mwanga ni mkubwa). Uwazi wake una kipenyo cha milimita 71 hivi. Waya wenye unene wa milimita 4 ukiwa karibu kabisa na kioo hicho hauwezi kuziba kitu cha maana. Mwanga wa gari unapita pande zote mbili za waya na kuingia. Unachopoteza ni ukali kidogo na rangi kufifia kidogo. Sasa funga lenzi hiyohiyo hadi f/16. Uwazi unabaki milimita 12.5, na waya uleule sasa unaziba karibu theluthi ya upana wake. Mistari ya kijivu inarudi kwenye picha. Kwa hiyo uzioni dawa ni lenzi ndefu, uwazi mkubwa, na kusogea karibu na waya kadiri unavyoruhusiwa. Ukirudi nyuma mita moja au mbili bado waya unaweza kuyeyuka, mradi gari liwe mbali zaidi ya hapo mara kadhaa.

Angalia pia jua linaangukia upande gani. Waya unaomulikwa na jua hung'aa, na mng'ao huo hutandaza utando mweupe juu ya picha nzima hata kama waya wenyewe hauonekani. Waya ulio kivulini hupotea. Huwa natembea kando ya uzio nikitafuta kivuli cha jengo au cha bango kabla hata sijatazama kona yenyewe. Usipige kwa kuuchungulia uzio kwa upande mno, kwa sababu nyaya zikipandana machoni huwa ukuta. Utazame moja kwa moja mbele yako, au kwa mshazari mdogo tu.

Halafu kuna fokasi. Kamera hupenda kitu kilicho karibu, na hapa kilicho karibu ni waya. Siku yangu ya kwanza uzioni niliiachia kamera ichague yenyewe pa kulenga. Usiku nilipofungua picha, nyaya zilikuwa zimechongoka kama sindano, unaona hadi kutu kwenye vifundo, na nyuma yake magari yalikuwa kama moshi wa rangi. Ilikuwa siku nzima ya mazoezi, na nilikuwa nimeingoja miezi. Kesho yake nilitumia nukta moja tu ya fokasi, nikasogeza kitufe cha lenzi kinachoizuia isilenge vitu vya karibu, nikalenga mapema mahali pamoja ambapo magari yote yalikuwa yanakanyaga: doa jekundu kwenye ukingo wa kona, rangi imebanduka nusu. Kila gari lililofika kwenye doa lile lilikuwa kali.

Wenye simu wana faida yao hapa. Lenzi ya simu ni ndogo kuliko tundu la waya. Ukiruhusiwa kuufikia uzio, unaiweka simu kwenye tundu na uzio hauingii kabisa kwenye picha. Lakini kioo kibaki upande wako, na mkono usipite. Uzio huo uko pale kwa ajili ya uhai wa watu. Mwaka 1975 kwenye barabara za Montjuïc, Barcelona, bawa la nyuma la gari la dereva Rolf Stommelen lilivunjika, gari likaruka kizuizi na kuua watu waliokuwa nyuma yake, na Formula 1, ngazi ya juu kabisa ya mbio za magari, haikurudi tena Montjuïc. Mlinzi wa njia akikwambia rudi nyuma, rudi, hata kama ulikuwa umepata pembe ya maisha.

Jukwaani hesabu inageuka. Wewe uko mbali na waya, na waya uko mbele tu ya gari. Hapo hakuna uwazi wa lenzi utakaokuokoa, kwa kuwa waya na gari viko karibu kwenye umbali mmoja wa fokasi. Kinachokuokoa ni kimo. Safu za chini hutazama ndani ya uzio, safu za juu hutazama juu yake. Ukinunua kiti, namba ya safu ina uzito kuliko jina la jukwaa. Watu hulipia safu ya mbele wakidhani wamekaribia gari, kumbe wamekaribia waya. Ukijikuta chini, kulifuata gari kwa shata ya polepole husaidia, kwa sababu nguzo na nyaya hufutika kwa mwendo.

Ghorofani uzio uko chini yako, na mara nyingi hauna habari nawe. Adui wa huko ni kioo. Vyumba vingi vya juu vina madirisha yasiyofunguka, na kioo hurudisha sura yako, taa ya chumbani na shati lako jeupe. Zima taa, gusisha mdomo wa lenzi na kioo, zungushia kitambaa cheusi. Kichujio cha kukata mng'ao husaidia pia lakini hula stopu moja hadi mbili za mwanga (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), na jioni hizo stopu utazitafuta.

Mji ndani ya fremu

Kutoka uzioni gari linajaa picha na mji unageuka rangi. Ukilifuata gari kwa shata ya 1/60 ya sekunde, madirisha ya nyuma yanakuwa mistari mirefu, bango linakuwa utepe. Msomaji anahisi mji bila kuweza kuusoma. Usiku inapendeza zaidi. Kwenye mitaa yenye taa nyingi, kama ule wa Las Vegas ambako Formula 1 imekuwa ikipita usiku tangu 2023, mistari hiyo inatoka ya zambarau na dhahabu. Udhaifu wake ni kwamba, mitaa ikishakuwa mistari, miji yote inafanana.

Jukwaani inategemea kilichoko ng'ambo ya barabara. Mara nyingi ni jukwaa jingine, au ukuta wa matangazo kutoka mwanzo hadi mwisho. Lakini yako majukwaa yaliyokaa vizuri kwa kamera. Kule Monaco, jukwaa K linatazama bandari kuanzia kona ya Tabac hadi Piscine, na gari linapita huku boti zimejipanga nyuma yake. Kabla ya kununua, tafuta picha zilizopigwa na watazamaji wa jukwaa hilo miaka iliyopita, utazame kilicho nyuma ya gari. Gari lenyewe utaliona tu.

Ghorofani ndiko mji unakopatikana mzima. Barabara inaonekana ikijipinda kati ya majengo, alama nyeusi za matairi zinaonyesha kila dereva alikofungia breki, na kingo za kona zilizopakwa rangi zinakuwa kama uzi wa kushonea. Kona ya kugeuza ya Monaco, ile inayolirudisha gari lilikotoka, iliyo mbele ya hoteli ya Fairmont, huwa nzuri zaidi ikitazamwa kutoka juu: magari yanaingia moja nyuma ya jingine, matairi ya mbele yamekatwa hadi mwisho, kila moja likiwa hatua mbele kidogo ya lililo nyuma yake. Unapoteza uso wa dereva, lakini kwa magari ya Formula 1 uso umeshafichwa tangu 2018 na fremu ya kinga inayozunguka kichwa chake; kutoka juu angalau unaiona kofia yake na rangi zake. Kilima cha Le Rocher nacho kinakupa kona za mwisho na bandari kwa pamoja, na huhitaji kukodi chumba cha mtu.

Mwendo wa gari na mkono wako

Gari la kilomita 180 kwa saa linakwenda mita 50 kwa sekunde. Kwa shata ya 1/1000 linasogea sentimita 5 wakati picha inachukuliwa. Kwa 1/125 linasogea sentimita 40. Tairi nalo, kwa 1/1000 linazunguka kiasi kidogo sana hata linaonekana limesimama, na gari linafanana na lililoegeshwa barabarani. Kwa 1/125 linazunguka kama nyuzi 60, na mchoro wa ubavuni mwa tairi unafutika vizuri. Ndiyo sababu wapiga picha wa mbio huogopa shata ya kasi kupita kiasi sawa na wanavyoogopa ya polepole.

Umbali hubadilisha kila kitu. Ukiwa uzioni, mita 10 kutoka kwenye gari hilo, linapopita mbele yako kamera inatakiwa kuzunguka kwa kasi ya nyuzi 280 hivi kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya robo tatu ya duara. Mkono wa mwanadamu hauwezi kuifanya kazi hiyo kwa utulivu. Ukiwa jukwaani, mita 40 kutoka hapo, inashuka hadi kama nyuzi 70, na hapo mtu wa kawaida akijizoeza nusu saa anaweza. Ghorofani kwa mita 60 ni chini ya nyuzi 50.

Lakini chukua gari la kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya kwenye kona ya kugeuza. Uzioni, kwa mita zilezile 10, ni nyuzi 80 tu. Yaani kona ya polepole inakupa uzioni utulivu ule wa jukwaani. Kwa hiyo mwenye tiketi ya uzioni asiende kwenye mnyoofu mrefu (sehemu ya njia isiyo na kona) kwa sababu magari yanapiga kelele nzuri huko. Aende kwenye kona, hasa mahali gari linapotoka kwenye kona na kukaribia ukuta, kwa kuwa hapo ndipo dereva anapoutafuta ukuta na ubavu wa tairi unaupapasa.

Kulifuata gari kuna adabu yake. Miguu ielekee pale gari litakapoishia, siyo linakotokea. Kiuno ndicho kizunguke, viwiko vibane mbavuni. Anza kulifuata mapema, bonyeza, na uendelee kulifuata hata baada ya shata kufunga. Anza na 1/250 hadi upate picha kali tatu au nne, halafu shuka 1/125, halafu 1/60. Monaco ina mizunguko 78. Gari lilelile litarudi mbele yako mara 78, kwa hiyo ukikosa mzunguko wa kumi hujapoteza kitu.

Kutoka juu kulifuata gari ni rahisi ila faida yake ni ndogo, kwa sababu nyuma ya gari kuna lami tu, na lami iliyofutika ni lami. Huko ni afadhali kuligandisha gari kwa 1/1000 mahali lilipokaa vizuri dhidi ya mistari ya barabara. Wengine hupanda huko na stendi ya miguu mitatu usiku wakitarajia tepe ndefu za taa. Kumbuka magari ya Formula 1 hayana taa za mbele, yana taa ndogo nyekundu za nyuma. Utapata kivuli cha gari kilichovutika badala ya utepe wa mwanga. Magari ya mbio ndefu na ya GT (ya mbio lakini yaliyotokana na magari ya barabarani) yana taa, na yakikimbia usiku, roshani inakuwa zawadi.

Kuna jambo jingine kwa mahali popote utakaposimama: tumia shata ya mitambo. Shata ya kielektroniki ya kamera nyingi husoma picha mstari kwa mstari, na ukizungusha kamera wakati inasoma, nguzo na majengo hulala. Ni kisa cha zamani. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mfaransa Jacques Henri Lartigue, akiwa bado kijana, alipiga gari la Grand Prix kwa kamera ambayo shata yake ilikuwa mwanya unaopita taratibu mbele ya kioo cha kunasia picha. Gurudumu likatoka yai lililoinamia mbele, na watazamaji wakainamia nyuma. Picha ile inapendwa hadi leo na mimi naipenda. Lakini jengo la ghorofa 20 lililolala kwa bahati mbaya kwenye picha yako halitapendwa hivyo.

Mwanga

Mchana, mji hukata mwanga vipande. Gari linatoka juani, linaingia kivuli cha jengo, linatoka tena, yote ndani ya mita 20. Uzioni hili si gumu sana, kwa sababu unapiga mahali pamoja: pima mwanga wa pale pale, uufunge kwa mkono, usiiachie kamera. Jukwaani unafuata gari kwenye eneo refu linalopita vivuli viwili vitatu, kwa hiyo ama chagua kivuli kimoja au jua moja, ama acha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ijipange yenyewe huku ukishikilia shata. Uliza pia jukwaa linatazama upande gani. Ukikaa unatazama jua la alasiri, picha zako zote ni za gari jeusi. Ghorofani unaona vivuli vikitembea siku nzima kama mkono wa saa, na unaweza kungoja kipande cha jua kiangukie kona unayoitaka. Hiyo ni raha ambayo huko chini haipo.

Kuna pia mvuke wa joto. Lenzi ndefu ikitazama mnyoofu mrefu juu ya lami iliyochemka huleta picha inayotetemeka, na hakuna fokasi itakayoirekebisha. Huwapata zaidi watu wa jukwaani mwishoni mwa mnyoofu. Piga asubuhi au piga kilicho karibu.

Usiku watu huogopa bure. Tangu Singapore ilipoanzisha mbio za usiku za Formula 1 mwaka 2008, njia za namna hiyo humulikwa sana, kwa f/4 na 1/1000 mara nyingi ISO ya 1600 au 3200 inatosha. Giza liko upande wa watazamaji, siyo wa gari. Tatizo la kweli ni mabango ya LED, ambayo huwaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona, na kwa shata ya kasi hutoka yana michirizi au nusu yake ni nyeusi. Kwa 1/125 ukilifuata gari, tatizo hilo hupungua sana. Wa ghorofani wana lao: taa za chumba kwenye kioo, kama nilivyosema.

Kusogea, vifaa na watu wa karibu yako

Tiketi ya uzioni mara nyingi ni ya eneo, siyo ya kiti, kwa hiyo una miguu yako. Asubuhi unaweza kuwa kona moja, mchana nyingine. Gharama ya uhuru huo ni kuwahi mapema na kuvumilia mikono ya watu inayoinuka na simu mbele ya lenzi yako. Lenzi ya milimita 70–200 inatosha na mara nyingi ndiyo bora, maana nzito zaidi ya hiyo utachoka kuibeba umesimama saa sita.

Jukwaani una kiti na una majirani. Lenzi ya 100–400 au 150–600 ndiyo ya huko, ila ukiizungusha kulifuata gari, inaishia usoni kwa mtu. Jitambulishe kwa waliokaa pande zote mbili mapema, uwaonyeshe picha mojamoja, watakuinamia wenyewe gari likija. Stendi za miguu mitatu hazikaribishwi majukwaani. Soma masharti ya tiketi, kwa kuwa baadhi ya mbio huweka kikomo hata cha urefu wa lenzi, na nyingi huruhusu picha za matumizi yako binafsi tu.

Ghorofani una meza, umeme, choo na stendi yako. Una pia pembe moja kwa siku zote. Mzunguko wa 30 ukifika utakuwa umepiga picha ileile mara 30. Beba 24–70 pamoja na lenzi ndefu, na uwe tayari kugeuza kamera kwa vitu vingine: walinzi wa njia wanavyokunja bendera, mfagiaji anavyoondoa vipande vya mpira, watu wa roshani ya jirani. Mara nyingi picha nzuri ya ghorofani haina gari. Na ruhusa iwe ya kweli, kutoka kwa mwenye chumba au mwenye jengo, siyo ya mlinzi aliyekuonea huruma.

Masikio ni suala la kote, hasa chini: kati ya kuta mbili za zege kelele haina pa kwenda. Vaa vizibo.

Kuna mahali pa nne: matundu yaliyokatwa kwenye uzio kwa ajili ya wapiga picha wenye vizibao rasmi. Hupewi kwa kuwa na lenzi kubwa. Hutolewa kwa anayefanyia kazi chombo cha habari, na wengi walioko pale walianzia kwenye mbio ndogo ambako mwandaaji alikuwa tayari kusoma barua yao.

Kwa hali yako

Ukiwa na simu tu, nenda uzioni kwenye kona ya polepole, mahali ambapo mtu anaruhusiwa kuufikia waya, au tafuta daraja la waenda kwa miguu lililoruhusiwa. Jukwaani simu itakurudishia gari kubwa kama punje ya mchele.

Ukiwa unakwenda na watoto au mzazi mwenye umri, chukua jukwaa, safu ya juu, lenye kivuli alasiri. Utapiga picha chache, lakini utazipiga ukiwa na amani, na siku ya mazoezi unaweza kushuka peke yako saa moja uzioni kama tiketi inaruhusu.

Ukiwa hujawahi kulifuata gari kwa kamera maishani, anzia jukwaani kwa sababu ya zile nyuzi 70. Ukiwa umeshazoea na unataka tairi linalozunguka, cheche chini ya gari na ukuta unaopapaswa, jukwaa litakuchosha; nenda uzioni.

Ukiwa unataka picha moja kubwa ya kutundika ukutani, ambayo mtu akiiona atajua ni mji gani bila kuambiwa, tafuta mahali pa juu. Panda hapo siku ya mazoezi ukiweza, kwa kuwa magari huja moja moja na una nafasi ya kujaribu pembe. Siku ya mbio nenda juu hata kama ni kwa ajili ya mzunguko wa kwanza pekee: ndio wakati magari yote yanaingia kona ya kwanza kwa pamoja, na kutoka chini utaona mgongo wa aliyesimama mbele yako.

Ukiwa na siku zote tatu, usizitumie mahali pamoja. Ijumaa shinda uzioni, utembee, utafute waya ulio kivulini na doa lako kwenye ukingo wa kona. Jumamosi, magari yanapowania nafasi za kuanzia, rudi kwenye doa hilo, kwani ndipo madereva wanapokwenda karibu zaidi na ukuta na kila gari liko peke yake. Jumapili kaa jukwaani au ghorofani.

Na kama mvua imetabiriwa, vaa koti, funika kamera kwa mfuko wa plastiki uliotobolewa lenzi, ubaki uzioni kwenye mahali magari yanapotoka kona. Maji yanayorushwa na matairi huinuka juu ya ukuta kama pazia, taa nyekundu ya nyuma inawaka katikati yake, na majengo yote nyuma yanakuwa ya kijivu.